Bebikoni: chotara wa kawaida, chotara tasa au mbegu huru?

Shamba_Kijani
Wakuu salaam. Nimepanda bega kwa bega aina tatu za bebikoni, yaani mahindi machanga yanayochumwa kabla punje hazijajaa: chotara wa kawaida (wa wazazi wawili), chotara tasa asiyetoa chavua, na mbegu huru (isiyo ya chotara, inayochavushwa yenyewe shambani) niliyojitunzia mwenyewe. Nikipima mahindi na maganda yake, mbegu huru inaongoza. Lakini moyo unasita. Ninyi mnapimaje?

Mvunaji
Mkuu, hayo maganda ndiyo yanayokudanganya. Menya kwanza, ndipo upime. Kwangu kilo 10 zenye maganda hutoa kilo 1.5 hadi 2 za vigunzi, na aina hazilingani kabisa. Kisha chambua: urefu sentimita 5 hadi 10, unene 1 hadi 1.5, ncha imechongoka, mistari ya punje imenyooka. Kilichopinda au kuvunjika wakati wa kumenya kiweke kando, usikihesabu.

Na andika tarehe ya kila mchumo. Mbegu huru kila mmea hutoa ndevu kwa wakati wake, kwa hiyo unazunguka shamba wiki nzima na zaidi. Chotara wa wazazi wawili hutoa karibu kwa pamoja.

Mbelewele
Mimi ni wa chotara tasa, bila kusita. Huyu wa kawaida lazima umng'oe mbelewele (maua ya juu yanayotoa chavua) mmea kwa mmea kabla hazijafunguka, na ukivuta vibaya unaondoka na majani ya juu. Kwenye mahindi ya nafaka, utasa hudai mzazi wa kurudisha chavua, la sivyo punje hazijai. Sisi hatuhitaji punje! Mzalishaji wa mbegu anapunguziwa kazi nzima.

Mzazi_Mama
Nakubali, ila muulize muuza mbegu utasa umetoka wapi. Mwaka 1970 ugonjwa wa baka la majani ulishambulia mahindi ya Marekani kwa sababu mashamba mengi yalikuwa na utasa wa aina moja, ile ya T. Sasa hutumika zaidi aina za C na S.

Halafu Shamba_Kijani, umepanda bega kwa bega? Basi jaribio lako limemnyima tasa haki yake. Faida yake mojawapo ni kwamba ukichelewa siku moja, kigunzi hakijaanza kujaa punje. Chavua ya majirani zake imeifuta faida hiyo. Ng'oa mbelewele zote kwenye jaribio, au mtenge mbali.

Shamba_Kijani
Hilo sikuliwaza. Na kweli, jana nimemenya cha tasa ambacho ndevu zilikuwa zimefika sentimita 5, nikakuta punje zimeanza kuvimba.

Mvunaji
Hizo ndevu ni ndefu mno. Chuma zikiwa sentimita 2 au 3, siku moja hadi tatu tangu zitokeze.

Nafasi_Finyu
Na mlipanda kwa nafasi gani? Sentimita 75 kwa 30 ni mimea takriban 44,000 kwa hekta, nafasi ya nafaka hiyo. Jaribu 60 kwa 15, inafika 111,000. Kuna chotara anayezaa vigunzi vitatu akiwa na nafasi, ukimbana anabaki na kimoja.

Mzazi_Mama
Na mbegu ya msimu ujao usiitoe kwa chotara. Kizazi cha pili hupoteza takriban nusu ya nguvu ya uchotara (ubora unaotokana na kuchanganya wazazi), na shamba linakuwa mchanganyiko wa warefu na wafupi. Wa kujitunzia ni mbegu huru tu.

Shamba_Kijani
Narudia msimu ujao: marudio matatu, mistari ya pembeni siipimi, 60 kwa 15, mbelewele zote zing'olewe. Nitaleta uzito wa vigunzi vilivyomenywa tu.