Mjadala: Maji yakiganda, lifti ya zamani iendeshwe na nini?

Mleta mada: Wakuu, jamaa yangu kashikilia kwamba kabla ya mvuke na umeme, nchi za baridi kali zisingepata lifti. Eti gurudumu la maji likiganda, basi. Mimi nasema maji si lazima. Mwaka 1793 fundi Ivan Kulibin alimtengenezea Malkia Catherine wa Urusi kiti cha kupandia ghorofani katika kasri lake la majira ya baridi, St Petersburg. Kilipanda kwa parafujo, ikizungushwa kwa mkono.

Au tumia kamba na kapi, piga hesabu. Abiria kilo 75, kiti kilo 50. Ning'iniza jiwe la kilo 115 upande wa pili wa kapi, mvutaji anabaki na kilo 10. Kwa wati 75, ambazo mtu mzima hutoa bila kuhema, mita 10 ni sekunde 13 hivi. Ondoa jiwe, inakaribia dakika 3. Msuguano sijauhesabu.

Mchangiaji wa kwanza: Hicho ni kiti cha malkia. Mgodi je? Kule Falun, Sweden, Christopher Polhem alijenga mtambo wa kupandisha shaba kwa nguvu ya maji miaka ya 1690, na baridi ya kule tunaijua. Gurudumu unalijengea nyumba.

Mleta mada: Nyumba inakinga gurudumu, haijazi mto. Kipindi chote cha theluji maji hupungua, ndiyo maana Falun walichimba mifereji na kujenga mabwawa. Kamba nazo zilikuwa za ngozi ya maksai (nyama, inasemekana, ikaishia kwenye soseji yao maarufu, falukorv). Kamba iliyolowa ikiganda haikunjiki kwenye kapi.

Mchangiaji wa pili: Tumieni farasi, kama mgodi wa chumvi wa Wieliczka, Poland. Walikuwa na mazizi humo humo chini ya ardhi, hakuna barafu.

Mleta mada: Farasi anakula hata siku ambayo lifti haina abiria.

Mchangiaji wa kwanza: Tuache farasi. Kesho anapanda mtoto wa kilo 20. Kiti na mtoto ni kilo 70, jiwe lako 115. Huyo hapandi, anarushwa darini!

Mleta mada: Hapo umenishika. Itabidi mawe ya kuongeza na kupunguza, na breki. Au parafujo ya Kulibin, maana haitelezi kurudi chini, ila msuguano wake unakula nguvu vibaya. Zile sekunde 13 nazifuta, narudi kwenye karatasi.