Maumivu ya tako yanayoshuka mguuni kwa fundi cherehani: ni pingili za kiuno au ni msuli wa takoni?

Pindo_la_Khanga
Habarini wadau. Naomba msaada wa wanaoelewa mishipa ya fahamu. Mama yangu mdogo ana miaka 46, ni fundi, anatumia cherehani ya kukanyaga na anakaa kama saa tisa kwa siku kwenye stuli ya mbao isiyo na mto. Hii ni wiki ya tano ana maumivu yanayoanzia katikati ya tako la kulia na kushuka nyuma ya paja. Siku mbaya yanafika kwenye shavu la mguu, na anasikia kama sisimizi wanamtembea. Akikaa dakika 20 yanazidi, akiinuka akatembea yanapoa. Duka la dawa walimwambia ni sayatika, wakamchoma sindano mbili za diklofenaki takoni. Ikiisha nguvu, anarudi palepale. Jirani anasema ni msuli tu, akandwe kwa mchi. Tutajuaje ni kipi? Na afanye mazoezi gani bila kujiharibu?

Fizio_wa_Wilaya
Pole kwa mama mdogo. Tuanze na jina, maana ndilo linalowapoteza wengi. Sayatika inaeleza njia ya maumivu tu, chanzo chake haikuambii. Neva ya sayatika, yaani mshipa wa fahamu, inakusanya mizizi inayotoka kwenye pingili za chini za kiuno (herufi L) na mfupa wa sakramu ulio chini yake (herufi S), yaani L4 hadi S3, inapita ndani ya tako na kushuka nyuma ya paja. Ni neva nene kuliko zote mwilini. Inaweza kubanwa juu, pale mzizi unapotoka kwenye uti wa mgongo, na mara nyingi kinachobana hapo ni diski, ule mto ulio kati ya pingili, iliyotokeza kati ya L4 na L5 au kati ya L5 na S1. Inaweza pia kubanwa chini, takoni, na msuli uitwao piriformisi. Msuli huo unatoka upande wa mbele wa sakramu na kujishikiza kwenye lile nundu la mfupa wa paja unaloligusa ubavuni mwa nyonga. Kwa watu wengi neva inapita chini ya msuli huo. Kwa wachache sehemu yake inapita katikati ya nyama yenyewe.

Chanzo cha kiunoni ndicho cha kawaida zaidi, kwa hiyo msikimbilie jibu la msuli kabla ya kukiondoa. Fanyeni hivi nyumbani, taratibu.

Alale chali, miguu imenyooka. Mtu mwingine amshike kisigino cha mguu unaouma auinue bila kukunja goti, yeye mwenyewe asisaidie. Kama kati ya digrii 30 na 70 anasikia maumivu ya kuchoma yakishuka kupita goti, mzizi wa kiunoni unashukiwa sana. Kuvutika nyuma ya goti peke yake hakuhesabiwi. Huo ni ukakamavu wa misuli ya nyuma ya paja, karibu kila anayekaa siku nzima anao.

Halafu alale ubavu, mguu unaouma ukiwa juu. Akunje nyonga kama digrii 60 na goti pia, kisha goti lisukumwe polepole kuelekea godoro huku nyonga ikizuiwa isizunguke. Maumivu yakiamka ndani kabisa ya tako, pale pale anapopalalamikia kila siku, piriformisi inaingia kwenye orodha.

Mwisho ni nguvu. Asimame kwa mguu mmoja na kuinuka kwa ncha za vidole mara 10, kisha atembee kwa visigino hatua 10. Kushindwa kuinuka kwa ncha kunaelekeza mzizi wa S1. Kushindwa kuinua sehemu ya mbele ya unyayo au kidole gumba kunaelekeza L5. Mwambieni pia akohoe: maumivu ya diski mara nyingi hupiga mguuni kwa kikohozi, chafya au kusukuma choo kigumu, kwa sababu presha ndani ya mfereji wa uti wa mgongo inapanda ghafla. Leteni majibu hapa.

Nesi_wa_Zamu
Kabla ya majibu, nizungumzie sindano, kwa sababu hapa ndipo madhara yanapofanyika kila siku. Diklofenaki ya sindano inafika kwenye damu ileile inayofikiwa na kidonge. Haiendi "kwenye mshipa unaouma", na hata tumbo haiepuki: inapunguza kinga ya ukuta wa tumbo kupitia damu, kwa hiyo mwenye vidonda yuko hatarini vilevile. Inachoongeza ni hatari ya sindano yenyewe. Neva ya sayatika inapita nusu ya chini ya tako, upande wa ndani. Anayechoma katikati ya tako, au chini, anaweza kuichoma neva moja kwa moja au kumwaga dawa kandokando yake. Dalili ni shoti kali inayopiga hadi unyayoni papo hapo, kisha ganzi, na ncha ya mguu inayoburuta wakati wa kutembea. Ikitokea hivyo sindano itolewe mara moja, mgonjwa apelekwe hospitali siku hiyo. Kama sindano ya msuli ni ya lazima, kuna ubavu wa nyonga na upande wa nje wa paja, mbali na neva hiyo. Kwa mtu ambaye tako hilohilo ndilo linalouma, sioni sababu ya kuligusa kwa sindano.

Na haya msisubiri mazoezi wala majibu ya mtandaoni: ganzi sehemu zinazogusa tandiko la baiskeli (njia ya haja, sehemu za siri, mapaja ya ndani), mkojo kugoma kutoka au kutoka bila kujua, choo kuponyoka, miguu yote miwili kulegea, au mguu mmoja unaozidi kukosa nguvu siku hadi siku. Hapo ni hospitali saa hiyohiyo, hata usiku wa manane, kwa sababu kifungu cha mizizi ya chini kikibanwa muda mrefu mkojo hauwezi kurudi sawa. Homa, jasho la usiku, kupungua uzito, maumivu yasiyotulia hata akilala, au historia ya saratani navyo vinataka daktari mapema. Kwetu huku kifua kikuu cha uti wa mgongo kipo, na bruselosisi, ugonjwa unaotoka kwa mifugo, kwa wanaokunywa maziwa yasiyochemshwa. Zote mbili zinajificha kama "kiuno tu" kwa miezi.

Pindo_la_Khanga
Asanteni sana. Tumefanya jana na leo. Mguu ulipanda hadi kama digrii 80, kuvutika nyuma ya goti tu. Lile la ubavu alishika shuka: ndilo hasa. Ncha na visigino sawa pande zote mbili. Akikohoa hakuna kitu. Mkojo na choo viko sawa, hana homa, uzito haujapungua.

Fizio_wa_Wilaya
Picha hii inaegemea takoni. Hakuna kipimo kimoja kinachothibitisha piriformisi, wala MRI, ile picha ya ndani ya mwili, haikupi muhuri. Tunafika hapo kwa kuondoa mengine. Ndiyo maana fizio (mtaalamu wa tiba ya viungo) amshike kwa mkono angalau mara moja, akague na kiungo cha sakramu na nyonga. MRI kwa sasa ni hela mngeitunza: watu wengi wasio na maumivu yoyote wana diski zilizotokeza kidogo kwenye picha, na mgonjwa akionyeshwa hiyo anaanza kuogopa kuinama maisha yake yote.

Zoezi la kwanza. Alale chali, magoti yamekunjwa. Kifundo cha mguu wa kulia kiwekwe juu ya goti la kushoto. Ashike paja la kushoto kwa mikono miwili alivute kifuani mpaka tako la kulia livutike, akae hapo sekunde 30 akipumua kawaida. Mara 3, asubuhi na jioni. Nyonga ikikunjwa kupita digrii 90 msuli huu hubadili kazi: badala ya kulizungusha paja kwenda nje unaanza kulizungusha ndani, kwa hiyo mkao huu wa kulifungua paja nje ndio unaourefusha. Makosa ninayoyaona zaidi ni kuinua kichwa na kiuno kutoka kitandani ili kuvuta zaidi. Hapo anakunja kiuno, tako linabaki vilevile. Asiyefikia paja apitishe khanga nyuma yake na avute ncha mbili.

La pili ni la neva yenyewe, na hili halivutwi. Akae kitini, mgongo wima. Anyooshe goti la kulia huku akitazama juu, kisha akunje goti huku akitazama chini. Mara 10, bila kutulia mwisho wa mwendo, mara 2 kwa siku. Kichwa na mguu vinakwenda pamoja ili neva iteleze kama uzi ndani ya pindo. Ncha moja ikivutwa, nyingine inaachiwa. Ukivuta ncha zote mbili, neva iliyokasirika inakasirika zaidi. Kwa sababu hiyohiyo aache kabisa kuinama kugusa vidole vya miguu. Watu wanafanya hivyo wakidhani wanalegeza paja, usiku sisimizi wanaongezeka.

La tatu aanze wiki ya pili, kama maumivu hayajaongezeka. Alale chali magoti yamekunjwa, ainue makalio mpaka mwili uwe mstari kutoka bega hadi goti, ashikilie sekunde 5, mara 10, mizunguko 2. Kisha alale ubavu wa kushoto, magoti yamekunjwa, visigino vimegusana, afungue goti la juu bila nyonga kuanguka nyuma, mara 12, mizunguko 2. Misuli mikubwa ya tako ikiwa dhaifu, piriformisi inabaki kubeba kazi isiyo yake. Wengi wanavuta miezi bila kuimarisha na wanashangaa maumivu yanarudi.

Kipimo cha kila siku ni mahali maumivu yanapoishia. Yakitoka kwenye shavu la mguu yakapanda pajani, kisha takoni, mnaelekea kuzuri hata kama tako linauma zaidi siku mbili tatu. Yakishuka kuelekea unyayo baada ya zoezi na kubaki huko zaidi ya saa moja, zoezi hilo lisimame.

Mchi, hapana. Mpira wa tenisi, sawa: asimame, auweke kati ya tako na ukuta, aegemee kwa uzito anaouvumilia dakika 1 au 2 pembeni ya tako. Shoti ikishuka mguuni amekanyaga neva, asogeze mpira kuelekea nje. Maji ya moto kwenye chupa iliyofungwa taulo, dakika 15 hadi 20, yanasaidia. Lakini penye ganzi ngozi haitambui joto na inaungua bila yeye kujua.

Dozi_Sahihi
Upande wa vidonge. Ibuprofeni miligramu 400 mara 3 kwa siku baada ya kula, siku 5 hadi 7, inatosha kwa jaribio. Isichanganywe na diklofenaki. Ni familia moja, madhara yanajumlishana na nafuu haiongezeki. Asiguse kama ana vidonda vya tumbo, figo, moyo, ujauzito, au yuko kwenye dawa za presha bila kumuuliza aliyemwandikia. Choo kikiwa cheusi kama lami, aache na aende hospitali. Pregabalini inauzwa sana kwa jina la "dawa ya neva", lakini jaribio la Australia la watu 209 lililochapishwa mwaka 2017 halikuona ikishinda kidonge tupu kwa sayatika, ila kizunguzungu kiliongezeka. Mwongozo wa NICE, taasisi ya miongozo ya tiba ya Uingereza, tangu 2020 unasema isitolewe kwa sayatika, pamoja na vidonge vya steroidi. Vitamini B za sindano zinamsaidia mwenye upungufu wa vitamini hizo. Neva iliyobanwa hazitaiachilia.

Mzee_wa_Suti
Wataalamu wamesema ya mwili, mimi nisemee kiti, maana asipobadilisha hicho atavuta tako mpaka mwaka uishe. Stuli ya cherehani mara nyingi ni fupi, magoti yanapanda juu ya nyonga na uzito wote unaangukia nyuma ya tako. Iinuliwe mpaka magoti yawe chini kidogo ya nyonga. Juu yake iwekwe sponji ngumu ya sentimita 5. Ile laini inadidimia ndani ya wiki na mbao inarudi palepale. Kitovu kiwe mbele ya sindano ya cherehani. Mafundi wengi wanakaa upande ili mguu wa kulia ufikie kanyagio, na nyonga inashinda imepinda kutwa. Miguu yote miwili iwe juu ya kanyagio, mmoja mbele kidogo, na kazi ifanywe na vifundo, paja litulie. Kukata kitambaa kuhamie mezani, juu ya meza inayofika kiunoni, asikate tena chini kwenye mkeka. Na asingoje saa: kila bobini ikiisha, ainuke, atembee mpaka mlangoni na kurudi, ndipo ajaze nyingine. Kwa sare za shule hiyo haizidi nusu saa.

Pindo_la_Khanga
Nimeelewa, stuli fundi seremala anaichukua kesho. Mawili ya mwisho: alaleje, na kwenye kikao cha tahiyatu anaumia sana, aendelee?

Fizio_wa_Wilaya
Alale ubavu wa kushoto na mto mnene kati ya magoti mpaka vifundo, ili goti la juu lisianguke mbele. Likianguka, piriformisi inavutwa usiku kucha. Akipenda chali, mto chini ya magoti. Kwenye tahiyatu, kile kikao cha mwisho cha kukalia tako moja na miguu kutoka upande ndicho kinachobana. Aswali kwenye kiti wiki hizi, dini imempa ruhusa hiyo mgonjwa. Akirudi mkekani aanze na kukalia visigino, taulo lililokunjwa likiwa kati ya paja na shavu la mguu. Tukutane hapa baada ya wiki 3: kama maumivu hayajapanda hata kidogo kutoka kwenye shavu la mguu, mpeleke kwa fizio au daktari wa mifupa bila kungoja wiki ya 6 ya mazoezi.