Shina la aota milimita 52, vali inavuja, mgonjwa anataka kuzaa: Bentall au David?

MkaziWaKifua
Wakuu, shikamooni. Naomba ushauri. Mgonjwa ni mwanamke wa miaka 27 mwenye Marfan, ugonjwa wa kurithi unaodhoofisha kuta za mishipa. Shina la aota, pale mshipa mkuu unapotoka moyoni, lina upana wa milimita 52, vali inavuja kwa kiwango cha kati, lakini majani yake matatu ni laini na hayana chokaa. Hajazaa na anataka kuzaa. Anakaa mbali na maabara inayopima INR (kasi ya damu kuganda). Tumwekee grafti (bomba la kitambaa) yenye vali ya kaboni, yaani Bentall, au tuweke grafti na kuiokoa vali yake, yaani David? Jambo la pili linalonitia hofu ni kifungo cha koronari ya kushoto, kile kipande cha ukuta wa aota chenye mdomo wa mshipa unaolisha moyo, kuvuja kwa nyuma mgonjwa akishatoka kwenye mashine ya moyo na mapafu. Mnakizuiaje?

Kisu_Taratibu
Marahaba. Upasuaji hauna mjadala: kwa Marfan tunaingia kwenye milimita 50, na mapema zaidi, kwenye 45, kama mama anapanga mimba au kuna ndugu aliyepasuka aota. Mimi ningeokoa vali. Vali ya kaboni inadai warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, nayo hupita kondo la nyuma, na kati ya wiki ya 6 na ya 12 ya mimba inaweza kuharibu pua na mifupa ya mtoto. Ukiiacha ukatumia heparini, hatari ya damu kuganda kwenye vali inapanda. Vali ya mnyama nayo kwa umri huu huchakaa mapema, na kurudia shina ni kazi nzito kuliko mara ya kwanza.

Sharti ni majani yenyewe. Ukifungua ukakuta yana matundu makubwa kwenye kingo, au yamevutika hadi yananing'inia, usilazimishe.

David unaanza kwa kuchimba nje ya shina hadi chini ya pete ya vali, hatua ambayo wengi huiharakisha. Kata kuta za sinasi (vifuko vya shina nyuma ya majani) ukibakiza ukingo wa milimita 4 hadi 5 juu ya majani. Pitisha nyuzi nene za 2-0 zenye plejeti (vipande vidogo vya kitambaa) kutoka ndani kwenda nje, chini ya majani, kwa mstari wa usawa. Chini ya maungio (pale majani mawili yanapokutana ukutani) ya jani la kulia na lisilo na koronari, pandisha mstari na uchukue nyama kidogo tu, maana njia ya umeme wa moyo inapita hapo na mgonjwa anaweza kutoka na bloku kamili, umeme usifike chemba za chini. Teremsha grafti, funga nyuzi bila kukaza, kwa kuwa kazi yake ni kuikalisha grafti tu. Vuta maungio matatu juu kwa nguvu sawa, yashikize kwa 4-0, kisha shona ukingo wote ndani ya grafti kwa mshono endelevu. Mshono huo ndio unaozuia damu.

Kabla ya kuendelea pima urefu wa majani kutoka kwenye pete hadi yanapokutana: milimita 9 au zaidi. Jani lililoshuka linapandishwa kwa uzi mmoja mwembamba katikati ya ukingo wake.

Fundi_Grafti
Nakubaliana na mkuu, ila naongeza: kama timu haifanyi David mara kwa mara, Bentall iliyoshonwa vizuri ni bora kuliko David inayovuja. Au apelekwe inakofanyika.

Sasa kifungo. Bentall na De Bono walipochapisha mbinu yao mwaka 1968, midomo ya koronari ilishonwa moja kwa moja kwenye matundu ya grafti, halafu ukuta wa zamani ukafungwa juu yake. Mshono ulivutika, damu ikajaa kati ya grafti na ukuta, na baadaye vikatokea vivimbe vya uongo (mifuko ya damu iliyovuja kwenye mshono). Ndiyo maana leo tunakata vifungo na kuviachia huru.

Bakiza ukuta mdogo kuzunguka mdomo wa koronari, maana kwa Marfan kifungo kikubwa kitakuja kutanuka chenyewe. Achia mshipa sentimita 1 hadi 1.5 ili ufike bila kuvutwa. Toboa grafti kwa kalamu ya kuunguza, si mkasi, ili nyuzi za dakroni, kitambaa cha grafti, zisifumuke. Tundu liwe dogo kidogo kuliko kifungo. Anza kushona mbali, upande wa nyuma, kwa 5-0, na weka pete nyembamba ya perikadiamu (utando unaofunika moyo) nje ya kifungo ili uzi usikate ukuta huo dhaifu.

Kisha jaribu palepale. Bana grafti juu, ingiza kadioplejia (dawa ya kusimamisha moyo) ndani yake kwa shinikizo, angalia nyuma kwa kioo na chachi kavu. Tone utakaloliona hapo linahitaji uzi mmoja. Tone hilohilo moyo ukiwa umejaa halifikiki, na ukiinua moyo ili uone, unachana kifungo. Likitokea, rudi kwenye mashine, bana aota, simamisha moyo, ushone kwa utulivu.

Mashine_ya_Moyo
Kwa upande wa pampu: vali inavuja, kwa hiyo kadioplejia ya kupitia shina itajaza chemba ya kushoto na kuitanua. Weka bomba la kunyonya kupitia mshipa wa mapafu wa juu kulia, fungua aota mapema, toa dozi moja kwa moja kwenye midomo ya koronari. Kwa kadioplejia ya damu rudia kila dakika 20. Msitegemee njia ya nyuma kupitia sinasi ya koronari (vena kuu ya moyo) peke yake, maana chemba ya kulia hailindwi vizuri.

MkaziWaKifua
Asanteni sana, wakuu. Na koronari ya kulia je? Chemba ya kulia ikikataa kufanya kazi wakati wa kutoka kwenye mashine, nitajuaje ni hewa au mshipa umekunjika?

Fundi_Grafti
Kwanza zuia. Usichague tundu la kulia moyo ukiwa mtupu. Ujaze kidogo, uone kifungo kinaposimama chenyewe, kisha toboa, mara nyingi juu kuliko ulivyodhani. Ukikiweka chini, chemba ikijaa itakikunja.

Hewa huenda kulia kwa sababu mdomo huo uko mbele, juu, mgonjwa akiwa amelala chali. Pandisha shinikizo, acha mashine ibebe moyo dakika kadhaa, na hewa itasukumwa. Ikiwa baada ya dakika 10 hivi ECG (mchoro wa umeme wa moyo) bado imepanda kwenye II, III na aVF, mistari inayotazama ukuta wa chini wa moyo, na ukuta wa chini hausogei, chukulia ni kukunjika. Usijaribu kukivuta kifungo kwa nyuzi za nje. Chukua kipande cha vena ya mguu, kipeleke kwenye koronari ya kulia mbele ya kifungo, na mwisho wake wa juu ushone kwenye grafti.