Mjadala: Taa ya Goya inawaheshimu waliouawa, au inayaremba mauaji?

Mleta mada: Wadau, nina ubishi na rafiki yangu kuhusu mchoro wa Mhispania Francisco Goya, "Tarehe 3 Mei 1808", ulioko makumbusho ya Prado, Madrid. Tarehe 2 wakazi wa mji waliinuka dhidi ya majeshi ya Napoleon wa Ufaransa. Usiku ule hadi alfajiri wanajeshi hao wakawapiga risasi waliokamatwa, kundi kwa kundi, na ndicho mchoro unachoonyesha. Goya aliuchora mwaka 1814, Wafaransa wakiwa wamefukuzwa.

Rafiki yangu anasema mauaji yamerembwa. Shati jeupe la mtu anayelengwa bunduki linang'aa kupita kiasi, mikono imetanuliwa kama ya msulubiwa, hata kiganja cha kulia kina alama kama ya msumari.

Mimi namwomba atazame taa iko wapi. Katika michoro mingi ya zamani ya mashahidi wa dini, nuru hushuka kutoka mbinguni. Hapa mbingu ni giza tupu. Mwanga unatoka kwenye fanusi kubwa iliyowekwa chini, miguuni pa wanajeshi. Ni taa ya wauaji! Inayotuonyesha uso wa yule mtu ndiyo hiyo hiyo inayowasaidia kulenga. Nikilifikiria hilo napata baridi mwilini.

Mchangiaji: Mkuu, hapo kwenye taa nakubali. Lakini mbona wanajeshi wamepewa migongo tu? Wafu wana nyuso, wauaji hawana. Huko ni kuegemea upande, na Goya mwenyewe ndiye aliyeiomba serikali imgharimie kazi hiyo.

Mleta mada: Ni kweli aliomba, na upande ameuchukua, sikatai. Ila angetaka kuifurahisha serikali tu, angechora majemadari na bendera. Hakuna hata bendera moja. Kuna mtawa aliyepiga magoti, kuna wanaojifunika macho wakisubiri zamu yao, na kuna yule mwenye shati, ambaye kwa kupiga magoti tu yuko karibu sawa na waliosimama.

Na kuhusu kuremba, tazama chini kushoto. Maiti imelala kifudifudi, mikono imetanuka vilevile kama ya mwenye shati jeupe, damu imeloweka udongo. Taa imemmulika na huyo, bila kumficha chochote. Rafiki yangu anionyeshe urembo uko wapi pale.