Wahudumu wasaidizi kwenye meli za kitalii tunasainishwa saa za uongo

Wakuu, naleta malalamiko haya nikiwa na hasira na sioni sababu ya kuificha. Nimerudi Dar baada ya kumaliza mkataba wa uhudumu msaidizi kwenye ukumbi mkuu wa chakula wa meli ya kitalii, zile kubwa zinazopakia abiria Florida na kuwazungusha visiwa vya Karibiani. Jina la kampuni silitaji, kwa sababu kuna vijana wetu bado wako humo ndani na wanasubiri mkataba wa pili. Ila huu uongo wa saa za kazi siwezi kuunyamazia.

Kwanza mjue mhudumu msaidizi ni nani, maana huku nyumbani watu wakiona picha za sare safi na tai wanadhani ni kazi ya kushika glasi. Ukumbini mnapangwa wawili wawili. Mhudumu ndiye anayeongea na abiria, anachukua oda na kukariri majina ya watoto wao. Msaidizi ni miguu. Unajaza maji, unapeleka mikate na siagi, chai, kahawa, unaondoa sahani za supu kabla nyama haijatoka, unapangusa makombo, unabadilisha uma na visu kwa ajili ya chakula kinachofuata, halafu unapandisha trei ya vyombo vichafu begani mpaka jikoni na kurudi mbio huku sakafu inayumba. Ninyi wawili mnaweza kupewa abiria ishirini na zaidi kwa mkupuo, na jioni mikupuo ni miwili: wa kwanza wanakaa saa 12, wa pili saa 2 na robo usiku. Katikati hapo kila meza inavuliwa na kuvalishwa upya, na anayeivalisha ni msaidizi. Usiku wa suti na magauni marefu unatakiwa pia uzunguke meza ukipunga kitambaa na kucheza muziki, miguu imevimba, na tabasamu lisikatike.

Uzito wa kazi silalamikii. Tuliikubali na tunaiweza. Nalalamikia hesabu.

Chukueni siku ambayo meli iko bahari kuu, haifungi bandari yoyote. Unaingia saa 12 asubuhi kwa kifungua kinywa, unatoka saa 4. Unarudi saa 5 na nusu kwa chakula cha mchana, unatoka saa 8 na nusu. Unarudi saa 11 jioni, na ukimaliza kung'arisha glasi, kukunja vitambaa na kuandaa meza za asubuhi, ni saa 5 na nusu usiku. Jumlisheni wenyewe: saa 13 na nusu. Na siku ya mapumziko haipo. Kwenye mikataba hii unafanya kazi siku saba za wiki, miezi sita, saba, wengine mpaka tisa.

Sasa sheria inasemaje? Kuna Mkataba wa Kazi za Mabaharia wa mwaka 2006, wenyewe tunauita MLC, ulioanza kutumika Agosti 2013. Na msidanganywe kwamba ni wa manahodha na mafundi wa injini. Mhudumu anayeajiriwa kufanya kazi melini naye ni baharia. Nchi yenye bendera ya meli, yaani ile meli ilikosajiliwa, inachagua kati ya njia mbili. Ama iweke ukomo wa kazi, saa 14 ndani ya saa 24 na saa 72 ndani ya siku saba, ama iweke kiwango cha chini cha mapumziko, saa 10 ndani ya saa 24 na saa 77 ndani ya siku saba. Kwa njia yoyote, mapumziko hayaruhusiwi kukatwa zaidi ya vipande viwili, na kimoja lazima kifike saa 6.

Hapo kwenye vipande viwili ndipo wizi ulipo, na wengi hawauoni. Angalieni tena ile ratiba. Mapumziko ya msaidizi yamekatwa vipande vitatu: usiku muda wa saa 6 na nusu, asubuhi muda wa saa 1 na nusu, mchana muda wa saa 2 na nusu. Ukichukua viwili vikubwa unapata saa 9. Sheria inataka 10. Kwa wiki nzima, hata ukijumlisha vyote vitatu, unapata saa 73 na nusu, na sheria inataka 77. Yaani siku kama hizo zikifuatana, ratiba inavunja sheria pande zote mbili, na kila bosi wa ukumbi anajua, kwa sababu mfumo wa kompyuta unamwonyesha.

Wanachofanya ni hiki. Mchana, ukumbi bado umejaa vyombo, msimamizi anapita anakwambia nenda kagonge kadi. Unaenda kugonga, mashine inaandika umetoka saa 7 na nusu. Halafu unarudi kukausha vijiko mpaka saa 8 na nusu. Ile saa moja haipo popote duniani. Mafunzo ya usalama na mazoezi ya boti za kuokolea nayo yanaangukia mchana, muda ambao karatasi inasema umelala. Wakisikia harufu ya ukaguzi wa afya wa Marekani ndiyo balaa: wakaguzi wa CDC, taasisi ya serikali yao ya kudhibiti magonjwa, wanakuja bila taarifa, alama 85 kati ya 100 kushuka chini meli imefeli, na matokeo yanatangazwa hadharani. Basi mnasugua droo, raba za milango ya friji na chini ya meza mpaka usiku wa manane, na kadi ilishagongwa zamani.

Mwisho wa mwezi unaletewa karatasi ya saa zako, usaini. Sheria inasema isainiwe na nahodha au aliyemtuma na isainiwe na baharia mwenyewe, na baharia apewe nakala yake. Mimi nakala sijawahi kupewa. Nilipouliza niliambiwa foleni ni ndefu, nisaini nipishe wenzangu. Ukikataa, anayeandika tathmini yako ya kupanda kuwa mhudumu kamili ni yule yule aliyekutuma kugonga kadi.

Na kupanda ndiyo kila kitu, kwa sababu ya bakshishi. Abiria anakatwa kiasi cha kila siku kwenye bili yake, kampuni nyingi za soko la Marekani ziko kwenye dola 16 hadi 20 kwa kichwa, kisha inagawanywa: msaidizi anapata fungu dogo kuliko mhudumu. Abiria akishuka kaunta akaomba iondolewe, inaondolewa. Jasho la mtu linafutwa na mtu uliyemmiminia kahawa asubuhi ile ile.

Mtaniuliza kwa nini hatushitaki. Marekani, ambako meli inapakia, haijaridhia MLC. Bahamas na Panama, ambazo bendera zao ziko nyuma ya meli nyingi za aina hii, zimeridhia, kwa hiyo wajibu ni wao, na Nassau, mji mkuu wa Bahamas, meli inafunga mara kwa mara. Mkataba unakupa haki ya kulalamika moja kwa moja kwa nahodha na kwa afisa wa bandari, na unakataza mtu kuadhibiwa kwa kulalamika. Nenda kamwambie hayo kijana aliyekopa nauli na pesa za wakala.

Nalo hilo la wakala! Kenya iliridhia 2014, Tanzania 2019. Mkataba unakataza wakala kumtoza baharia ada ya kumtafutia kazi. Unacholipia wewe ni cheti cha afya, kitabu cha ubaharia na pasipoti. Viza ni ya mwenye meli. Wadogo zangu, mtu akiwaambia leta pesa ya "kushikilia nafasi", anawaibia, awe Posta, awe Moi Avenue.

Mlioko baharini sasa hivi: andikeni saa zenu halisi kila usiku kwenye daftari lenu, na ipigeni picha karatasi ya saa kabla ya kusaini. Kwenye bandari yenye mkaguzi wa ITF, shirikisho la kimataifa la vyama vya wafanyakazi wa usafirishaji, mtafuteni. TASAC, yaani Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania, na Mamlaka ya Bahari ya Kenya, nataka kusikia mmewahi kumwita wakala yupi na kumuuliza ratiba ya ukumbi wa chakula kwenye meli anazopeleka watu. Na mawakala mnaosoma hapa, wekeni hiyo ratiba hadharani kabla hamjamsainisha kijana mwingine.