Naomba ushauri: usaili Norway, nijieleze vipi bila kuonekana najisifu?

Wakubwa shikamooni, wengine habari zenu. Naishi Bergen, nafanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Imetangazwa nafasi ya kiongozi wa zamu, nimeitwa kwenye usaili wiki ijayo.

Kinachonitatiza ni Janteloven, zile kanuni 10 za kutojikweza alizoandika mwandishi Aksel Sandemose kwenye riwaya yake ya mwaka 1933, ya kwanza ikisema usijione wewe ni mtu wa maana. Yeye aliziandika kuukosoa mji mdogo unaombana mtu, lakini hapa bado zinaongoza mambo mengi. Upande wake mmoja naupenda sana: meneja tunamwita kwa jina lake la kwanza, na chakula anapanga foleni kama sisi. Ila kwenye usaili nakwama.

Mwaka jana niliomba nafasi kama hii. Mwenzangu Mnorwe alinishauri nisijinadi, basi kila jibu nikasema "tulifanya", "timu yetu". Nikajibiwa kwamba mchango wangu mwenyewe haukuonekana. Baadaye, kwenye kikao, nikaeleza wazi kwamba ratiba mpya ya dawa niliipanga mimi. Ukimya ukatanda, kisha mmoja akauliza kama kahawa imebaki. Iliniuma, maana ratiba ile inawasaidia wazee kweli.

Mliopita kwenye usaili Norway, Denmark au Sweden: mnatajaje kazi mliyoifanya wenyewe? Na je, inafaa nimwombe msimamizi wangu wa sasa, ambaye ni mdhamini wangu, aizungumzie hiyo ratiba atakapopigiwa simu?

Natanguliza shukrani.