Mrejesho: kitabu cha mchezo kuchezwa mezani na watu wanne

Wakuu, niliwauliza namna ya kugeuza The Warlock of Firetop Mountain cha 1982, kitabu cha mchezo cha msomaji mmoja chenye aya 400 zenye namba, ambamo msomaji huchagua aya ya kwenda, kiwe mchezo wa mezani wa watu wanne. Asanteni mno! Tumeucheza hapa Shangani, Mtwara.

Ushauri wa kuchora ramani ya mapango kwanza, badala ya kufuata namba za aya, ndio uliotubeba. Tulichora nyuma ya kalenda kuukuu, korosho zikawa mazimwi. Hata wachezaji walipouliza yasiyomo kitabuni, niliitazama ramani nikajibu.

Mapigano yamekubali nusu. Unarusha dadu mbili, unajumlisha alama za ustadi wa mhusika wako, anayezidiwa anapoteza alama 2 za nguvu (uhai); wanne wakimvamia zimwi mmoja, haponi. Kuongeza mazimwi kumesaidia, ila pambano linachukua muda. Zile njia za mapangoni za kuzungukazunguka bado zinachosha wachezaji, nimezifupisha.